Sataranji na vita visivyokwisha dhidi ya sare

Mwezi Mei 1962 wachezaji wanane wa sataranji walikusanyika Willemstad, mji mkuu wa kisiwa cha Curaçao katika bahari ya Karibea. Walikuwa na raundi 28 mbele yao, kila mmoja akikutana na mwenzake mara nne, ili apatikane mmoja tu wa kwenda kumkabili bingwa wa dunia, Mikhail Botvinnik. Watano kati ya hao wanane walitoka Umoja wa Kisovieti. Mashindano yaliendelea hadi mwishoni mwa Juni, katika joto ambalo wachezaji wa Ulaya hawakulizoea.

Tigran Petrosian, Efim Geller na Paul Keres walikutana wao kwa wao mara 12. Mara zote 12 walitoka sare. Tena si sare za kutoana jasho: kwa wastani zilimalizika katika hatua ya 19 hivi, wakati ambapo kete nyingi bado ziko ubaoni na pambano lenyewe halijaanza. Wengine walipokuwa wakihangaika kwenye viti vyao kwa saa tano, watatu hao walikwishapeana mikono na kwenda kupumzika. Petrosian alimaliza wa kwanza kwa pointi 17.5, Keres na Geller wakamfuata kwa pointi 17 kila mmoja. Mmarekani Bobby Fischer, kijana wa miaka 19 aliyekwenda Curaçao akiamini atashinda, alishika nafasi ya nne kwa pointi 14.

Mwezi Agosti mwaka huohuo Fischer aliandika makala katika jarida la Sports Illustrated akiwashutumu Warusi kwamba wamepanga matokeo ya sataranji ya dunia. Wengi walisema ni kilio cha aliyeshindwa. Lakini miaka mingi baadaye Yuri Averbakh, aliyekuwa katika msafara wa Kisovieti, alithibitisha kwamba makubaliano yalikuwapo kweli. Shirikisho la Sataranji Duniani, FIDE, halikusubiri uthibitisho huo. Lilifuta mfumo wa kumpata mshindani kupitia mashindano ya wachezaji wengi, na kuanzia 1965 likaweka mapambano ya mtoano ya watu wawili wawili. Likajaribu pia kupiga marufuku kukubaliana sare kabla ya hatua ya 30, kanuni ambayo haikudumu kwa sababu hakuna aliyeweza kuisimamia.

Naanza na Curaçao kwa sababu hapo ndipo swali la sare lilipoonekana wazi. Kwa zaidi ya miaka 170 wapenzi wa sataranji wamekuwa wakiogopa kwamba sare zitawafukuza watazamaji, na kila kizazi kimekuja na dawa yake. Ukizifuatilia dawa hizo moja baada ya nyingine, utaona kwamba nyingi zilichanganya mambo mawili: sare inayopatikana baada ya watu kupigana hadi nguvu zikaisha, na sare ambayo watu wamekubaliana ili wasipigane. Ya pili ndiyo inayoujeruhi mchezo. Ya kwanza, kwa maoni yangu, ni sehemu ya uzuri wake, na kila ilipopigwa vita, mchezo ulipata hasara.

Hofu yenyewe ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mashindano ya kwanza ya kimataifa yalifanyika London mwaka 1851, sambamba na Maonyesho Makubwa ya Uingereza, na Mjerumani Adolf Anderssen akaibuka mshindi. Sare hazikuhesabiwa: mkitoka sare, mnapanga kete upya na kuanza tena. Mwaka 1867 kulikuwa na mashindano mawili yaliyochukua njia zinazopingana. Paris waliamua kwamba sare ni sifuri kwa wote wawili, yaani ni sawa na kupoteza. Miezi michache baadaye, Dundee huko Uskoti, waliamua kila mmoja apate nusu pointi. Nusu pointi ya Dundee ndiyo iliyoshinda, na ndiyo tunayoitumia hadi leo, ingawa haikukubaliwa mara moja. London mwaka 1883 sare mbili za mwanzo bado zilirudiwa, na ni ya tatu tu iliyohesabiwa. Monte Carlo mwaka 1901 walitafuta njia ya katikati: sare ikitokea kila mmoja anapewa robo pointi, kisha wanarudiana kugombea nusu iliyobaki.

Kanuni zote hizo zilichosha watu. Kurudia mchezo kuliwaadhibu waliopigana vizuri bila kupata mshindi, na ratiba za mashindano zikavurugika. Wakati huohuo sare zenyewe ziliongezeka, na sababu yake si uvivu. Katikati ya karne ya 19 watu walicheza kwa kushambulia tu, na aliyeshambuliwa mara nyingi hakujua la kufanya. Wilhelm Steinitz, aliyempiga Johannes Zukertort mwaka 1886 katika pambano linalohesabiwa kuwa la kwanza la ubingwa wa dunia, alifundisha kwamba shambulizi lisilo na msingi linapaswa kushindwa, na kwamba kujihami ni ustadi kama ustadi mwingine. Katika pambano hilo la Steinitz sare zilikuwa tano kati ya michezo 20. Wanafunzi wake walipojifunza kujihami, haikuwa rahisi tena kuwashinda. Sare ni mtoto wa elimu hiyo.

Aliyeogopa zaidi ni yule ambaye karibu hakuna aliyeweza kumfunga. José Raúl Capablanca wa Cuba alitwaa ubingwa mwaka 1921 mjini Havana kwa kushinda michezo minne na kutoka sare kumi dhidi ya Emanuel Lasker, bila kupoteza hata mmoja. Katika miaka ya 1920 alianza kusema kwamba sataranji inakaribia kuchimbuliwa yote, na kwamba siku si nyingi wachezaji wa juu watakuwa wakitoka sare kila wanapotaka. Alipendekeza ubao mpana zaidi na kete mbili mpya: moja yenye uwezo wa ngome na farasi, nyingine yenye uwezo wa askofu na farasi. Watu walimsikiliza kwa heshima, kisha wakaendelea na ubao wao wa miraba 64.

Mwaka 1927 Capablanca alikwenda Buenos Aires kutetea taji lake mbele ya Alexander Alekhine. Kanuni ilisema mshindi ni atakayetangulia kushinda michezo sita, na sare hazihesabiwi. Walicheza kuanzia katikati ya Septemba hadi mwishoni mwa Novemba, michezo 34, na 25 kati ya hiyo ikawa sare. Michezo 32 ilianza kwa ufunguzi uleule, Gambiti ya Malkia iliyokataliwa. Alekhine alishinda sita kwa tatu. Kwa mtazamaji wa wakati ule lilikuwa jambo la kuchosha, hilo siwezi kulikataa. Lakini mtu akiicheza upya michezo ile leo anaona bingwa aliyeaminiwa kuwa hafungiki akivunjwa taratibu, wiki baada ya wiki, na mtu aliyejifunza kumsubiri.

Kuna jambo ambalo watunga kanuni hawakulitazama kwa makini pale Buenos Aires, nalo lingewagharimu baadaye. Kusema kwamba sare haihesabiwi kunaonekana kama kuiadhibu, lakini kunaifanya iwe ya bure. Pambano likiwa na idadi maalumu ya michezo, kila sare inamsogeza anayeongoza karibu na ushindi, na anayefuata analazimika kuhatarisha. Pambano likiwa halina mwisho, anayefuata anaweza kutoka sare leo, kesho na keshokutwa bila kupoteza chochote. Anapumzika, anajifunza, anamsubiri mwenzake achoke.

FIDE ilipochukua usimamizi wa ubingwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, iliweka michezo 24, na ikiwa 12 kwa 12 bingwa anabaki na taji. Botvinnik alinusurika hivyo mara mbili, dhidi ya David Bronstein mwaka 1951 na Vasily Smyslov mwaka 1954. Mfumo huo ulikuwa na kasoro zake, lakini ndio uliozaa pambano lililoifikisha sataranji kwa watu wengi kuliko lolote kabla yake.

Reykjavik, Iceland, mwaka 1972: Fischer dhidi ya Boris Spassky. Fischer alipoteza mchezo wa kwanza, akakataa kutokea kwenye wa pili na kupoteza pointi, kisha akarudi na kuanza kushinda. Magazeti ya dunia nzima yaliweka habari za sataranji ukurasa wa mbele. Marekani watu walikaa mbele ya televisheni wakitazama kete zikisogezwa kwenye ubao wa ukutani. Sasa tazama hesabu. Ilihesabiwa michezo 21, ukiwamo ule ambao Fischer hakutokea, na 11 ilikuwa sare. Kuanzia mchezo wa 14 hadi wa 20, michezo saba mfululizo, hakuna aliyeshinda. Lau sare zingekuwa sumu kama inavyodaiwa, dunia ingezima televisheni wiki ile. Haikuzima, kwa sababu Spassky alikuwa akishambulia kila siku kuokoa ubingwa wake, na Fischer alikuwa akijitetea huku akijua kwamba kila nusu pointi inamsogeza karibu na taji. Watu walielewa kinachogombewa hata kama hawakujua farasi anakwendaje.

Mashabiki wa soka wa Dar es Salaam hawahitaji kuelezwa hili. Tarehe 20 Oktoba 2013 Yanga walikwenda mapumziko wakiongoza mabao 3-0 dhidi ya Simba, na mpira ukaisha 3-3. Waulize waliokuwapo kama waliona wamepoteza nauli yao.

Fischer mwenyewe hakuliona hivyo. Alipotakiwa kutetea taji mwaka 1975 alidai pambano lisilo na kikomo, mshindi awe wa ushindi kumi, sare zisihesabiwe, na ikifika tisa kwa tisa bingwa abaki na taji. FIDE ilikubali ushindi kumi ikakataa sharti la tisa kwa tisa. Fischer hakucheza, na Anatoly Karpov akapewa ubingwa bila kusogeza kete. Lakini wazo la Fischer lilibaki mezani, likapunguzwa kuwa ushindi sita bila kikomo cha michezo, na likaanza kutumika mwaka 1978.

Mwaka huo Karpov alikutana na Viktor Korchnoi, aliyekuwa ameukimbia Umoja wa Kisovieti, mjini Baguio nchini Ufilipino. Ilichukua michezo 32, na 21 ilikuwa sare. Mmojawapo, mchezo wa tano, unastahili kukumbukwa na kila anayesema sare haina ladha. Korchnoi alikuwa na nafasi ya kumaliza kazi, muda ukambana, akaikosa. Waliendelea hadi hatua ya 124. Mwishowe Korchnoi aliona hawezi kushinda, lakini wawili hao hawakuwa wakisemeshana, na hakutaka kufungua mdomo kumwomba adui yake sare. Akamfungia mfalme wa Karpov kila mwendo bila kumshambulia, na kanuni yenyewe ikaamua sare. Kwa miaka 43 huo ulikuwa mchezo mrefu kuliko yote ya ubingwa wa dunia.

Kisha ikaja Moscow. Tarehe 10 Septemba 1984, katika Ukumbi wa Nguzo katikati ya jiji, Karpov mwenye miaka 33 aliketi mbele ya Garry Kasparov mwenye miaka 21. Baada ya michezo tisa Karpov alikuwa mbele 4-0. Alihitaji ushindi mwingine mara mbili tu. Hapo Kasparov akaacha kushambulia. Kama pambano lingekuwa la michezo 24, asingekuwa na la kufanya ila kujitupa mbele na kufa. Kwa kanuni ya ushindi sita, aliweza kukaa. Karpov naye alitamani kumaliza sita kwa sifuri, hivyo hakutaka kuhatarisha chochote. Mchezo wa 10 sare, wa 11 sare, wa 12 sare, ikaendelea hivyo hadi wa 26: sare 17 mfululizo, baadhi zisizofika hatua ya 20. Karpov akashinda wa 27, ikawa 5-0. Kasparov akashinda wa 32. Zikafuata sare nyingine 14.

Miezi ilikuwa ikiyoyoma. Ukumbi ulihitajika kwa shughuli za dola, na mwishoni pambano likahamishiwa Hoteli ya Sport, mbali na katikati ya jiji. Karpov alikuwa amekonda waziwazi. Halafu Kasparov akashinda mchezo wa 47, na wa 48 akashinda tena. Sasa ilikuwa 5-3. Bingwa alikuwa akiyumba, kijana alikuwa akipaa, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi hakuna aliyeweza kutabiri kesho. Tarehe 15 Februari 1985, mara tu pambano lilipopata moto, rais wa FIDE, Florencio Campomanes, aliitisha mkutano wa waandishi wa habari na kutangaza kwamba limesimamishwa bila mshindi. Michezo 48, sare 40, zaidi ya miezi mitano, na hakuna matokeo.

Watu wanapotaja hasara ambayo sare zimeiletea sataranji, Moscow ndiyo ushahidi wao mkubwa. Nadhani wanausoma ushahidi huo kinyume. Sare zile 40 zilizaliwa na kanuni iliyotungwa kwa ajili ya kuzipinga. Walipoanza upya Septemba 1985 kwa michezo 24, wakiwa watu walewale, michezo minane ilipata mshindi, na ubingwa uliamuliwa katika mchezo wa mwisho kabisa. Kasparov alishinda 13 kwa 11, akawa bingwa wa dunia mwenye umri mdogo kuliko wote waliomtangulia. FIDE haikurudia tena pambano lisilo na kikomo.

Miaka iliyofuata ilileta majaribio ya aina nyingine, kwanza yaliyolenga pointi, kisha mikono ya wachezaji. Mwaka 1981 ligi ya England ilikuwa imeanza kutoa pointi tatu kwa ushindi badala ya mbili, na Kombe la Dunia likafuata mwaka 1994. Waandaaji wa sataranji waliangalia na kutamani. Mashindano ya Bilbao nchini Hispania yalichukua mfumo wa tatu, moja na sifuri mwaka 2008. Ulipata wafuasi lakini haukuenea, na sababu yake inaeleweka. Katika soka watu 11 wanalazimika kushirikiana ili kupanga matokeo. Katika sataranji wawili tu wanatosha: leo nakuachia, kesho unaniachia, kila mmoja anaondoka na tatu badala ya mbili.

Kanuni ya Sofia ilikuwa na akili zaidi. Katika mashindano ya M-Tel mjini Sofia mwaka 2005, mwandaaji Silvio Danailov na wenzake waliamua kwamba wachezaji hawaruhusiwi kuzungumza kuhusu sare. Anayetaka sare aende kwa mwamuzi, na mwamuzi akiona bado kuna cha kupigania, wanarudi kwenye viti. Hii ndiyo dawa ya kwanza iliyogusa ugonjwa wenyewe, ule wa Curaçao. Haikuipiga vita sare, iliupiga vita mkono. Tangu hapo mashindano mengi makubwa yana kanuni ya kutokubaliana sare kabla ya hatua ya 30 au ya 40. Wajanja bado wanapata mlango: wanaingia kwenye ufunguzi unaojulikana, wanarudia nafasi ileile mara tatu, na mwamuzi hana la kusema. Ulinzi wa Berlin, ambao Vladimir Kramnik aliutumia London mwaka 2000 kumvua Kasparov ubingwa bila kupoteza mchezo hata mmoja, una njia fupi kama hiyo ambayo magwiji wote wanaijua kwa moyo.

Ushahidi mgumu kwa upande ninaoutetea ni London ya mwaka 2018. Magnus Carlsen wa Norway na Fabiano Caruana wa Marekani walicheza michezo 12, na yote 12 ikawa sare. Halijawahi kutokea pambano lingine la ubingwa wa dunia ambalo michezo yote ya muda mrefu ilikosa mshindi. Vyombo vya habari vya kawaida, vilivyokuwa vimetuma waandishi wao kwa hamu, vilianza kuuliza kama mchezo huu umefika mwisho wake. Siwezi kusema kwamba hilo halikuumiza. Liliumiza. Lakini mchezo wa kwanza ulikwenda hatua 115 na saa saba, Carlsen akishindwa kumaliza kazi, na Caruana akijiokoa kwa ukucha. Hakuna aliyeulalamikia huo. Uliolalamikiwa ni wa 12. Carlsen alikuwa na nafasi bora na muda mwingi zaidi kwenye saa, akatoa mkono katika hatua ya 31. Kasparov alisema hadharani kwamba kitendo hicho kimemfanya afikirie upya kama Carlsen bado ana nafasi kubwa ya kushinda. Siku mbili baadaye Carlsen alimpiga Caruana tatu kwa sifuri katika michezo ya kasi na kubaki na taji. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Watazamaji waliokesha walibaki na kinyongo, na walikuwa na haki.

Kompyuta zimeongeza mashaka. Mwaka 2017 programu ya AlphaZero ilicheza michezo 100 dhidi ya programu nyingine, Stockfish: ilishinda 28, haikupoteza hata mmoja, na 72 ilikuwa sare. Katika sataranji ya mawasiliano, ambako kutumia kompyuta kunaruhusiwa, karibu kila mchezo wa ngazi ya juu unaisha sare. Huenda Capablanca alikuwa amekiona kitu cha kweli: sataranji isiyo na makosa pengine ni sare. Fischer alijibu kwa njia yake, na kwa bahati alichagua jiji lilelile alikoangukia Capablanca. Mwaka 1996 huko Buenos Aires alitangaza sataranji ambayo kete za nyuma zinapangwa kwa kura, mipangilio 960, ili hakuna atakayekuja na majibu aliyoyakariri nyumbani. Leo Carlsen ni mmoja wa wanaouhimiza mtindo huo kwa nguvu. Mwaka 2022 alitangaza kwamba hatatetea tena taji lake la dunia, akisema hana hamu ya pambano jingine.

Lakini binadamu hawachezi kama kompyuta, na umma haukuipenda sataranji kwa sababu ya takwimu za ushindi. Hapa Afrika Mashariki wengi waliisikia kwa mara ya kwanza kupitia Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, na kocha wake Robert Katende, hasa baada ya filamu ya Queen of Katwe ya mwaka 2016. Oktoba 2020 tamthilia ya The Queen's Gambit ilitazamwa katika kaya milioni 62 ndani ya siku 28, kwa hesabu ya Netflix, na watu waliofungiwa ndani na janga la Covid wakakimbilia kucheza mtandaoni. Walivutwa na mtu aliyeketi mbele ya ubao akiwa na kitu cha kupoteza.

Hata sare ya makusudi inaweza kuvutia ikiwa kila mmoja anaelewa ni mchezo wa aina gani. Machi 2021 Carlsen na Hikaru Nakamura, wakiwa kwenye mchezo wa mtandaoni usio na maana kwa matokeo, walianza kwa kutoa wafalme wao mbele katika hatua ya pili, wakacheka, wakarudia nafasi na kugawana pointi. Video yake ilizunguka dunia. Desemba 2023 huko Samarkand, Ian Nepomniachtchi na Daniil Dubov walizungusha farasi wao kwa utaratibu waliokwishaupanga katika ubingwa wa dunia wa michezo ya dakika chache. Hapo palikuwa na taji, na mwamuzi aliwapa wote sifuri. Ni adhabu ya Paris ya mwaka 1867, safari hii ikiwaangukia wanaoistahili. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 31 Desemba 2024 Wall Street, New York, Carlsen na Nepomniachtchi walifika fainali ya mashindano hayohayo. Carlsen aliongoza 2-0, Nepomniachtchi akasawazisha, wakatoka sare tatu za ziada, kisha wakaomba kugawana ubingwa. FIDE ikakubali. Hasira ya mashabiki ilikuwa kubwa, na haikuhusu zile sare tatu. Ilihusu ombi.

Katika mwezi huohuo, siku 19 kabla, Singapore ilikuwa imeonyesha upande wa pili. Ding Liren wa China alikuwa akitetea ubingwa dhidi ya Gukesh Dommaraju, kijana wa India mwenye miaka 18. Michezo ilikuwa 14. Baada ya 13 walikuwa sawa, tisa kati ya hiyo ikiwa sare. Ilikatazwa kukubaliana kabla ya hatua ya 40. Mchezo wa mwisho ulipita hatua hiyo, kete zikapungua, na kila mchambuzi akasema ni sare, kesho watakwenda kwenye michezo ya kasi. Gukesh alikuwa na askari mmoja zaidi, faida ndogo ambayo kwa kawaida haitoshi. Angeweza kutoa mkono na hakuna ambaye angemlaumu. Aliendelea kusogeza. Ding, aliyekuwa amechoka na ambaye alihitaji tu kukaa imara ili aipate sare yake, katika hatua ya 55 alitoa ngome wabadilishane, bila kuona kwamba baada yake na maaskofu nao wangebadilishwa na askari yule mmoja angetosha. Hatua tatu baadaye alijisalimisha, na Gukesh akawa bingwa wa dunia kwa pointi 7.5 dhidi ya 6.5.